Hamira, Jeni na Mwalimu wa Shule ya Msingi

Yako mazoea yaliyoota mizizi katika ufundishaji wa sayansi ya viumbe hai, nayo ni mazoea ya kuorodhesha. Mwalimu huchora seli ubaoni, huonyesha kwa mishale utando, saitoplazimu na kiini, wanafunzi hunakili, na wiki inayofuata huulizwa wataje sehemu tatu za seli. Atajaye zote hupata alama zote. Kuorodhesha kwenyewe si kosa, kwa maana asiyejua jina la kitu hawezi kukizungumzia. Kosa huingia pale somo linapokomea kwenye majina, na seli ikabaki akilini mwa mtoto kama ghala la vitu vilivyopangwa, mahali ambapo hapatendeki lolote.

Makala haya yanadai kwamba mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuelewa, na kwa kiasi kinachofaa kufundisha, jambo ambalo orodha haiwezi kulisema: kwamba kiumbe hai ni utaratibu wa kazi uendao kwa wakati, na kwamba jeni hazifanyi kazi zote kwa mpigo bali huwashwa na kuzimwa kwa zamu. Mfano nitakaoutumia ni hamira, kwa sababu hakuna kiumbe ambacho zamu hizo zimechunguzwa kwa makini zaidi, na kwa sababu hamira hupatikana katika duka lolote la kijijini.

Najua pingamizi litakalotolewa. Itasemwa kwamba hayo ni mambo ya chuo kikuu, na kwamba mwalimu wa darasa la tano yamtosha kujua kilichomo katika kitabu cha kiada. Pingamizi hilo nitalijibu, lakini kwanza yafaa tuutazame mfano wenyewe.

Kiumbe kilichomo jikoni

Hamira ya mkate ni kuvu wa seli moja. Seli yake ni ndogo mno. Zikipangwa mstari seli 200 hivi ndipo hufikia urefu wa milimita moja. Pamoja na udogo huo, ina kiini kama seli zetu, na ndani ya kiini zimo kromosomu 16. Mwaka 1996, baada ya kazi ya pamoja ya mamia ya wanasayansi wa nchi nyingi, ulitangazwa mpangilio wote wa DNA yake: herufi zipatazo milioni 12, zenye jeni karibu 6,000. Hiki kilikuwa kiumbe cha kwanza chenye seli ya kiini kusomwa hivyo tangu mwanzo hadi mwisho.

Hamira haigawanyiki kwa kukatika katikati. Seli mama huchipua. Chipukizi hukua ubavuni mwake, kromosomu zikisha kunakiliwa nakala moja moja huingia katika chipukizi, kisha ukuta hujengwa na mtoto huachana na mama. Chakula kikiwa tele na joto likifaa, kazi yote huchukua takriban dakika 90. Kwa mwalimu, sifa hii ya kuchipua ni neema, maana ukubwa wa chipukizi ni kama mshale wa saa: seli isiyo na chipukizi haijaanza, yenye chipukizi kidogo inanakili DNA yake, na yenye chipukizi kubwa imekaribia kugawanyika.

Saa hiyo ndiyo aliyoisoma Leland Hartwell, mtafiti wa Seattle nchini Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitafuta hamira zenye hitilafu ambazo hugawanyika vema katika nyuzi 23 za Sentigredi, lakini zikitiwa katika nyuzi 36 husimama. Jambo la maana ni mahali ziliposimama. Kundi moja lilisimama lote bila chipukizi, kundi jingine lote likiwa na chipukizi kubwa. Kila kundi lilikuwa na jeni moja iliyoharibika, na kwa kuangalia mahali kazi ilipokwama Hartwell aliweza kusema jeni hiyo ilihitajika hatua gani. Aligundua pia kituo alichokiita Mwanzo. Kabla ya kituo hicho seli yaweza kungoja, kwa mfano chakula kikipungua. Ikisha kukipita haina kurudi nyuma, lazima imalize safari.

Kuna hamira nyingine ambayo jina lake lawapasa wasomaji wa Kiswahili kulijua. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliitenga kutoka katika bia ya nafaka iliyotoka Afrika ya Mashariki, akaipa jina la kitaalamu Schizosaccharomyces pombe. Hivyo neno letu pombe limo katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima. Hamira hii hukatika katikati, wala haichipui. Paul Nurse wa Uingereza aliitumia katika miaka ya 1970 huko Edinburgh kutafuta jeni zinazoongoza mgawanyiko, na mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walionyesha kwamba jeni ya binadamu yaweza kufanya kazi badala ya jeni ya hamira hiyo iliyoharibika. Hartwell na Nurse, pamoja na Tim Hunt, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Nani huamua jeni ipi ifanye kazi?

Tuchukue mfano wa maktaba ambayo vitabu vyake haviazimwi. Anayehitaji ukurasa fulani hupewa nakala, naye huenda nayo karakanani kutengeneza kifaa kilichoelezwa humo. DNA ni kitabu kisichotoka kiini. Nakala ni RNA. Kifaa kinachotengenezwa ni protini. Tendo la kutoa nakala huitwa unukuzi. Sasa, kitabu kina kurasa 6,000. Nani husema leo unukuliwe ukurasa huu na ule uachwe?

Kazi hiyo ni ya protini maalumu ambazo tutaziita protini dhibiti za unukuzi. Kila moja ina umbo linaloiwezesha kushika kipande fulani kifupi cha DNA kilicho karibu na mwanzo wa jeni. Ikishika hapo, ama huvuta mtambo wa kunakili uje, ama huuzuia. Kipande kimoja kifupi chaweza kuwapo mbele ya jeni nyingi, na kwa hiyo protini dhibiti moja huweza kuamsha kundi zima la jeni kwa wakati mmoja.

Tufuate zamu hizo katika hamira ya mkate. Seli changa inapokua, protini dhibiti mbili ziitwazo SBF na MBF zimekwisha kukaa mahali pake kwenye DNA. Lakini SBF imeshikwa na protini nyingine, Whi5, inayoizuia isifanye kazi. Seli ikisha kukua vya kutosha na chakula kipo, protini iitwayo Cln3 na mwenzake huanza kuvunja kizuizi hicho. Whi5 hubandikwa fosfeti, huachia, na hutolewa nje ya kiini. Hapo jeni kama 200 huanza kunukuliwa kwa pamoja: nyingine ni za kujenga chipukizi na ukuta wake, nyingine ni za kunakili DNA. Miongoni mwa protini zinazotengenezwa zimo Cln1 na Cln2, ambazo kazi yake mojawapo ni kuendelea kuiondoa Whi5. Basi mlango uliofunguka kidogo husukumwa na wale walioingia, ukafunguka wote. Hii ndiyo sababu mojawapo ya seli kutoweza kurudi nyuma ikisha kupita kituo cha Mwanzo.

Zamu ya pili hutokana na ya kwanza. Kati ya vilivyotengenezwa imo protini dhibiti Hcm1, ambayo wakati DNA inanakiliwa huamsha jeni za kuandaa utengano wa kromosomu, na pia jeni za protini dhibiti za zamu ya tatu. Hao wa tatu, Fkh2 na Ndd1, hushirikiana na Mcm1 kuamsha jeni za mgawanyiko wenyewe, zikiwamo jeni za Swi5 na Ace2. Hizi mbili hutengenezwa mapema lakini huwekwa nje ya kiini, kama wachezaji wa akiba, mpaka mgawanyiko ufikie mwisho. Ndipo huingia. Swi5 huamsha jeni ya protini inayotuliza mtambo wa mgawanyiko. Ace2 hukusanyika katika kiini cha mtoto, na jeni inazoamsha hutoa kimeng'enya cha kuyeyusha ukuta uliowaunganisha mama na mtoto. Katika zamu hiyo ya mwisho huamshwa pia jeni ya Cln3, nasi tumerudi tulikoanzia.

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walipima unukuzi wa jeni zote za hamira katika seli zilizolazimishwa kwenda pamoja hatua kwa hatua, wakahesabu jeni karibu 800 ambazo unukuzi wake hupanda na kushuka kwa kufuata mzunguko. Mwaka 2001 ikaonyeshwa kwamba protini dhibiti za kila hatua huamsha zile za hatua inayofuata, mpaka duara likakamilika. Tusidhani, hata hivyo, kwamba unukuzi ndio mtawala pekee. Protini zilizomaliza zamu huharibiwa kwa makusudi ya mfumo, nyingine hubandikwa na kubanduliwa fosfeti, na bila hayo saa isingekwenda sawasawa. Kuzima kwa wakati ni kazi sawa na kuwasha kwa wakati.

Mwanachuo ataona kwamba katika maelezo haya yote hakuna mahali nilipomtaja msimamizi mkuu. Hakuna mwalimu wa zamu anayepiga kengele. Utaratibu hutokana na kila kundi kuliandalia mahali kundi linalofuata.

Kwa nini jambo hili lamhusu mwalimu

Sasa nirudi kwenye pingamizi. Nina sababu tatu.

Kwanza, watoto huuliza. Mtoto wa darasa la sita akisha kuambiwa kwamba mwili mzima umetokana na seli moja iliyogawanyika, na kwamba kila seli hupewa nakala ya maagizo yaleyale, hana haja ya chuo kikuu ili aulize: mbona basi jicho si ukucha? Swali hilo ni la haki, na ni zuri kuliko maswali mengi yaliyomo katika mitihani yetu. Mwalimu aliyejifunza orodha tu atalinyamazisha. Mwalimu anayejua kwamba jeni huwashwa na kuzimwa atalijibu kwa sentensi mbili: kitabu ni kimoja, lakini kurasa zinazonukuliwa katika jicho sizo zote zinazonukuliwa katika ukucha. Yule wa kwanza hakukosa maarifa ya mtaala, alikosa akiba. Na mwalimu asiye na akiba hufundisha kwa hofu, akiomba kengele ilie kabla mkono haujanyooshwa.

Pili, somo la urithi lisipofundishwa vema huzaa ukatili. Wanachuo wanaotoka katika mazoezi ya kufundisha husimulia maneno yanayosemwa katika vyumba vya walimu: kwamba ukoo fulani hauna kichwa cha hesabu, kwamba mtoto fulani hana la kutazamiwa kwa kuwa hata baba yake alishindwa, kwamba ni damu. Neno jeni likija juu ya fikira hiyo bila maelezo, huipa vazi la kitaalamu, na damu inageuka kuwa sayansi. Simwambii msomaji kwamba hamira imethibitisha lolote juu ya akili za watoto; haikuthibitisha, na atakayedai hivyo atakuwa anatia chumvi. Lakini inatufundisha jambo moja ambalo fikira ile hailijui: kuwa na jeni ni jambo moja, na jeni kufanya kazi ni jambo jingine. Seli ya hamira iliyokosa chakula ina jeni zote 6,000, nayo husimama kabla ya kituo cha Mwanzo. Ikipewa chakula huendelea. Hali ya mazingira ni sehemu ya udhibiti wenyewe. Kwa hiyo anayetazama ukoo wa mtoto akafunga daftari anasema zaidi ya sayansi inavyosema, na mwalimu aliyefundishwa vema atakuwa wa kwanza kumwambia hivyo.

Tatu, yako maradhi ambayo msingi wake ni kuvurugika kwa zamu hizi. Katika seli za binadamu iko protini iitwayo RB ambayo haifanani na Whi5 kwa mpangilio wake, lakini hufanya kazi ya namna ileile: huzuia protini dhibiti zisiamshe jeni za mgawanyiko kabla ya wakati. Nakala zote mbili za jeni yake zikiharibika katika seli ya retina ya mtoto mchanga, kizuizi huondoka, na hapo huweza kutokea saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma. Wengi wa wanaougua ni watoto walio chini ya miaka mitano. Dalili yake iliyo wazi kuliko zote ni mboni inayong'aa weupe ikipigwa mwanga, au ikionekana hivyo katika picha. Mwalimu wa darasa la awali, na mwalimu aliye mzazi au jirani, aionapo dalili hii asiseme ni mtoto wa jicho la kawaida wala asingoje. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa ugonjwa ukiwahiwa hutibika, na ukicheleweshwa huua. Utafiti ulioanza katika hamira umetusaidia kueleza ugonjwa huo. Si haki kusema jambo la namna hii halimhusu mwalimu wa watoto.

Namna ya kulifikisha darasani

Sitaki mwanachuo yeyote asome makala haya kisha akaandike Swi5 na Ndd1 ubaoni mbele ya darasa la tano. Majina hayo ni akiba yake. Darasani yanatosha mambo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni kuonyesha kwamba hamira ni hai. Zitafutwe chupa tatu zinazolingana na maputo matatu. Chupa ya kwanza itiwe hamira, sukari na maji ya uvuguvugu; ya pili hamira na maji bila sukari; ya tatu hamira iliyochemshwa kwanza, kisha ikapoa na kutiwa sukari. Maputo yavishwe midomoni. Wanafunzi wakisie kwanza, waandike makisio yao, ndipo watazame. Mwalimu ajihadhari na makosa mawili. Baking poda si kiumbe hai, ingawa nayo huumua unga. Na donge la mandazi halifuri kwa sababu seli zimeongezeka mpaka zikalijaza. Linafurishwa na gesi ya kabonidayoksaidi inayotolewa na hamira zinapotumia sukari.

La pili ni kupanga hatua. Mwalimu achore katika vipande vya manila seli za hamira zenye chipukizi za ukubwa mbalimbali, avichanganye, na kila kikundi kivipange kwa mfuatano na kueleza sababu. Hapo wanafunzi watakuwa wakifanya kazi ileile ya kusoma chipukizi aliyoifanya Hartwell. Penye hadubini, watazame tone la hamira lililoachwa saa moja katika maji ya sukari, wahesabu zenye chipukizi na zisizo nazo.

La tatu ni mchezo wa zamu, nami nauthamini kuliko yote. Wanafunzi wote wapewe karatasi moja yenye maagizo yaleyale ya makundi manne: kujenga, kunakili, kutenganisha, kukata. Kila kundi lianze tu likiguswa bega na kundi lililotangulia, na likimaliza liketi. Mwanafunzi mmoja asimame mlangoni pa kundi la kwanza kama mzuiaji, aondoke tu sahani ya chakula ikiletwa. Mchezo ukisha kwenda vizuri mara mbili, mwalimu amtoe mwanafunzi mmoja kimyakimya na kuwaambia wengine waanze tena. Kazi itakwama. Ndipo aulize: imekwama wapi, na mahali ilipokwama panatuambia nini juu ya aliyetoka? Darasa likijibu swali hilo limekwisha kufikiri kama watafiti. Kisha amwondoe mzuiaji kabla sahani haijaletwa, wajionee mgawanyiko usiongoja ruhusa.

Mchezo ukimalizika, mwalimu aseme wazi mahali mfano unapopungukiwa. Protini hazisikii wala hazioni. Hugongana na vitu vingine ndani ya kiini, na hushika pale maumbo yanapopatana. Mfano usiokiri mipaka yake hupanda kosa jipya mahali pa lile uliloling'oa.

Yatahitajika vipindi vitatu, labda vinne. Itaulizwa vitatoka wapi, na jibu langu ni kwamba vitoke katika muda tunaoutumia kunakili michoro yenye mishale. Mtoto akisahau jina la utando wa seli ataliona tena kitabuni siku yoyote. Lakini akiondoka shuleni akidhani kwamba uhai ni orodha ya sehemu na kwamba urithi ni hukumu iliyokwisha kutolewa, huenda asikutane tena na mtu wa kumsahihisha. Na baadhi yao ndio watakaorudi darasani kesho wakiwa walimu.